Jinsi Tulivyoipoteza Shule ya Withycott

Wameniomba niandike historia ya Shule ya Sekondari ya Withycott kwa ajili ya kijitabu cha kumbukumbu. Kurasa mbili, na tafadhali iwe ya kuchangamsha. Ombi aliniletea Muriel Yelland wa posta, akicheka kile kicheko chake cha kanisani. Nikamwambia nitaandika nikipata nafasi. Nafasi ninayo tele, mimi ni mwalimu mstaafu, nyumbani tupo mimi na paka. Ninachokosa ni hayo ya kuchangamsha. Basi nasimulia kwa njia yangu, na asiyependa aende zake akapalilie waridi.

Shule ilifunguliwa mwaka 1958, nami nilikuwa katika darasa la kwanza kabisa. Siku hizo mtoto akifika miaka kumi na moja alifanyishwa mtihani. Aliyefaulu alipanda basi kwenda mjini, kofia ya kijani kichwani, akasome Kilatini. Aliyefeli aliletwa Withycott. Hakuna aliyetuita waliofeli mbele ya macho yetu, sisi Waingereza tuna adabu, lakini jengo lenyewe lilikuwa likituambia. Nyuma palikuwa na banda la nguruwe, somo la wavulana. Sisi wasichana tulikuwa na chumba chenye jiko, kitanda na mwanasesere wa mpira, tukafundishwa kumwogesha. Nilimwogesha yule mwanasesere mpaka rangi ya macho ikamtoka. Binamu yangu Rosalind, yeye mwenye kofia ya kijani, aliniuliza siku moja mbele za watu kama mtoto wangu hajambo. Mpaka leo sijamsamehe, na yeye yuko kaburini.

Mkuu wetu wa kwanza, Bwana Cathcart, alitoka jeshini, na alikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Ndani ya ukumbi hafungui mtu kinywa mpaka mkuu amtaje kwa jina. Hata kunyoosha mkono kulikuwa utovu wa adabu. Unakaa, mikono mapajani, macho mbele, unangoja. Akisema "Tozer," unasimama. Asiposema, unabaki na lako moyoni.

Wakuu wengine walikuja wakaenda. Nguruwe wakauzwa, ule mtihani ukafutwa, shule ikawa ya watoto wote, maskini na matajiri. Ile sheria ikabaki. Haikuandikwa popote, wazazi waliwarithisha watoto wao kama wanavyowarithisha pua. Wageni wakija walitusifu, watoto wa Withycott wametulia mno, na sisi vichwa vikatuvimba. Mimi nilisoma masomo ya jioni, nikawa mwalimu, nikarudi kufundisha palepale, na darasani kwangu watu walibishana mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Ukumbi sikuuweza. Mtoto aliyenipigia kelele asubuhi nzima juu ya Vita vya Kwanza akivuka mlango wa ukumbi alikuwa bubu.

Nataka ieleweke kwa nini naumia. Shule ile ilijengwa iwe pipa la kutupia watoto ambao hakuna aliyewataka, na sisi wa pipani tukaifanya kuwa yetu. Tuliipaka rangi kwa mikono yetu. Tulitoa wauguzi, mafundi, mchungaji mmoja, na mwaka niliostaafu wasichana wawili walikwenda kusomea udaktari. Stesheni ya reli ilikuwa imefungwa, bucha limefungwa, na kanisani padre alikuja mara moja kwa mwezi. Shule tu ndiyo iliyobaki kutuonyesha kwamba sisi nasi ni watu.

Ndipo halmashauri ya kaunti ikasema shule mbili ni nyingi. Yetu na ya Pensley, ng'ambo ya kilima, moja itafungwa, na watoto wake watapanda basi kwenda mjini. Afisa wao, Bwana Lattimer, angezunguka vijiji vyote viwili kusikiliza wananchi.

Ungewasikia watu baa wiki ile. Clive Huxtable, mfugaji wa ng'ombe, mtu mwenye sauti ya kuita mifugo bonde zima, ndiye aliyekuwa jemadari. Nilimfundisha mimi mwenyewe, na bintiye Tamsin alikuwa kidato cha kwanza.

"Akitia mguu hapa huyo Lattimer nitamfunga nyuma ya trekta," alisema.

"Kamba naleta mimi," akadakia mwingine, na baa nzima ikacheka.

"Acheni mchezo," nikawaambia. "Clive, utamwambia nini hasa?"

Akaweka glasi chini. "Nitamwambia baba yangu alisoma hapa, mimi nimesoma hapa. Nitamwambia mtoto si gunia la viazi, useme umpakie tu upeleke mjini."

"Hayo hayo. Usipunguze neno."

"Mwalimu, wewe kaa utazame sinema."

Basi nikakaa. Ukumbi ulijaa Jumanne ile hata watu wakasimama ukutani. Wengine walikaa kwenye vile viti vya plastiki vya rangi ya chungwa, safu kwa safu, na Lattimer akasimama palepale anaposimama mkuu. Bwana mwembamba, mpole, mafua yamemshika. Akaeleza habari za paa bovu na uchache wa wanafunzi. Kisha akafunga faili lake na kusema, "Sasa nataka kuwasikia ninyi. Nani ana la kusema?"

Kimya. Nikageuka kutazama nyuma. Watu wazima na mvi zao, wafugaji, mafundi magari, akina mama wanaoendesha malori, wote mikono mapajani, macho mbele. Clive shingo ilikuwa nyekundu, midomo ikimcheza, lakini sauti haikutoka. Nikaelewa. Walikuwa wanangoja kutajwa. Na yule bwana alitoka mbali, hakujua jina la mtu hata mmoja isipokuwa Muriel aliyempokea mlangoni.

Nilisimama mimi. Niliyasema yote, ya nguruwe na ya mwanasesere na ya wale wasichana wawili, na sikuomba radhi. Watu walitazama viatu vyao. Muriel alinitazama kana kwamba nimevua nguo.

"Kuna mwingine anayekubaliana na Bi Tozer?" Lattimer akauliza. Alingoja kweli, siwezi kumsingizia. Mwishowe akamgeukia Muriel. "Bibi Yelland, pengine wewe?"

Ametajwa. Muriel akasimama wima, akakunjua sketi yake, na ukumbi mzima ukamwelekea. "Nilitaka kujua tu," alisema, "kama ikifungwa, tutaruhusiwa bado kuegesha magari hapa siku ya maonyesho ya maua."

Lattimer akasema anadhani itawezekana. Muriel akashukuru, akakaa.

Nje, kwenye magari, wakaanza kunijia mmoja mmoja. "Umesema vizuri sana, mwalimu. Tuko nawe kabisa."

"Mlikuwa nami wapi?" niliuliza. "Mbona sikuwaona?"

"Aa, mwalimu, si unajua tena."

Clive alikuja wa mwisho, kofia mkononi. "Nilikuwa nangoja anitaje."

"Hakujui, Clive. Mtu yule hajui hata wewe ni nani."

"Si angeuliza?" akasema, na nikaona ameudhika naye kweli kweli.

Pensley ikabaki. Yetu ikafungwa Julai ya mwaka uliofuata, na siku ya kuaga tuliifanya kama harusi, bendera, keki meza nzima, na Lattimer akaalikwa kuwakilisha kaunti. Mkuu akapanda jukwaani na kusema, "Sasa tumsikie Clive Huxtable." Na Clive akasimama. Jamani, aliongea. Alimtaja baba yake, akataja kila jiwe la jengo lile, akasema kuhusu mtoto na gunia la viazi, na ile sauti yake ya bonde zima ilitetemesha vioo. Watu walilia waziwazi. Nami nililia, kwa hasira.

Lattimer alikuwa amekaa kando yangu. Aliinama akasema polepole, "Niliagizwa niangalie ni wapi wataumia zaidi. Pensley walinizomea tangu mlangoni. Mama mmoja alinirushia mwavuli. Nilipofika kwenu nikaona, ukiacha wewe, mmeridhika." Akapenga kamasi. "Huyu bwana angesema haya siku ile, nisingekuwa na ubavu wa kuifunga hii."

Nilimfuata Clive karibu na dirisha, anapeana mikono na watu, Tamsin amemshika koti. Septemba Tamsin ndiye angekuwa wa kwanza kupanda basi la mjini.

"Nimeongeaje, mwalimu?"

"Sijapata kusikia mtu akiongea vizuri hivyo humu ndani," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Kisha nikamwambia na maneno ya Lattimer, yote, pamoja na mwavuli.

Uso ulimshuka. Akageukia dirisha kutazama uwanja wa mpira, hata nikajuta kusema.

"Walimrushia mwavuli?" akauliza. "Mgeni?"

"Mwavuli."

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Sisi si watu wa namna hiyo."

Tamsin alikuwa amesikia kila kitu. Alivuta koti la baba yake. "Baba," alisema, "na sisi si tuna mwavuli?"

Clive akamwambia anyamaze, wakubwa wanaongea.