Sahihi Isiyotambulika Ipogolo

Hasidi hana sababu, ndivyo wasemavyo watu, lakini Ambrosi yeye alikuwa nayo, na ilikuwa na jina. Iliitwa Faustin.

Miaka kumi na mmoja Ambrosi alikuwa karani wa kizuizi cha mifugo pale Ipogolo, chini ya mlima, barabara inapoanza kupanda kwenda Iringa mjini. Ng'ombe yeyote aliyetoka Usangu, upande wa Mbeya, alipita mbele ya dirisha lake, na mwenye ng'ombe alionyesha kibali. Ukutani palikuwa na ubao, na kwenye ubao zilibanwa kadi, kila kadi na sahihi ya bwana mifugo mmoja mwenye ruhusa ya kutoa vibali. Kazi ya Ambrosi ilikuwa kulinganisha. Sahihi ya kibali ikifanana na ya ubaoni, gogo lililoziba barabara linainuliwa. Isipofanana, ng'ombe anarudi alikotoka, kwa maana kibali cha kughushi huweza kuingiza ugonjwa wa miguu na midomo mkoa mzima. Ambrosi hakuwa mtu wa kuhongeka. Alishakataa mbuzi, alishakataa asali, na wenye maneno matamu aliwakatiza kabla hawajafika katikati.

Faustin alikuja kwake mwaka 1971, karani msaidizi asiyejua hata kushika mhuri. Ambrosi akamfundisha kila kitu: wino gani hutumika, mkono wa mtu mwongo huandikaje, sahihi ya kughushi hutetemeka wapi. Miaka miwili tu, Faustin akapelekwa chuoni. Mwaka 1975 akarudi bwana mifugo kamili, akapangiwa Madibira, na pikipiki juu. Chuo hicho hicho Ambrosi alikiomba mara tatu. Mara zote tatu alijibiwa kwamba kizuizi hakiwezi kuachwa bila mtu mwaminifu kama yeye. Sifa hiyo alipewa kwa barua, na barua hiyo aliichana.

Basi mwezi wa saba mwaka huo huo ikaja bahasha kutoka Mbeya, imeletwa na dereva wa ofisi ya mjini. Ambrosi akatia sahihi kwenye daftari la dereva kuonyesha ameipokea, akaifungua. Ndani mlikuwa na kadi moja mpya: jina Faustin, cheo kirefu, na sahihi iliyokaa kama ya mtu aliyezaliwa na cheo. Ambrosi akajiambia ataibana ubaoni baada ya chai. Akaitia kwenye droo, chini ya magazeti makuukuu. Chai ikanywewa, na kadi ikabaki mle mle.

Jumatano moja ya mwezi wa nane akafika Bujiku, Msukuma aliyehamia Usangu, na ng'ombe kumi na wawili. Vumbi la safari lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Ambrosi akakishika kibali, akakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sahihi hii siitambui."

"Si ya bwana mifugo wetu, Faustin? Kasaini mbele yangu, mzee, kaweka karatasi kwenye kiti cha pikipiki."

"Mimi naujua ubao. Kwenye ubao hayumo."

Bujiku akauangalia ubao. Hakujua kusoma, lakini aliuangalia kwa heshima.

"Mzee wangu, ng'ombe hizi ni za mahari. Kijana wangu Seni anaoa Kalenga. Wakwe wamesema Jumamosi. Wasipoziona Jumamosi, binti anapewa mwingine. Nipitishe tu, utauliza baadaye."

"Nikimpitisha kila anayesema hivyo, kizuizi ni cha nini?"

Maneno hayo yalikuwa ya haki, kila neno, na hilo ndilo lililoudhi. Ambrosi alijua anasema kweli kwa kinywa cha uongo. Lakini hakuwa akimwona Bujiku hata kidogo. Alikuwa akimwona Faustin akishuka kwenye pikipiki yake, akija pale dirishani kofia mkononi, akiomba. Hicho tu ndicho alichotaka.

Jioni ile nyumbani mkewe, Kalista, alipakua wali mweupe, mrefu, unaonukia.

"Mchele wa Madibira huu," akasema. "Faustin kamtuma dereva wa lori auteremshe. Huyo kijana hasahau alikotoka. Wengine wakipanda wanatusahau."

Ambrosi akala ugali wa jana uliopoa. Kalista akacheka mpaka akaweka kijiko chini, kwa kuwa alimjua mumewe siku nyingi na alifikiri ni kijicho kidogo tu cha wanaume.

Alhamisi ng'ombe walilala kando ya mto, na Bujiku akatuma habari Madibira kwa lori lililokuwa likirudi. Ijumaa saa nne pikipiki ikaja kweli. Ila haikuja peke yake. Nyuma yake ilikuwa Land Rover ya Ndugu Crispin, mkuu wa Ambrosi kutoka mjini, aliyekuwa amepigiwa simu na Mbeya, na Crispin alishuka na daftari la dereva kwapani.

Faustin hakushika kofia mkononi. Alimwamkia, "Shikamoo, mzee," kwa sauti ile ile ya zamani, na Ambrosi akaitikia kwa shida.

Crispin alilifungua daftari mezani. "Mbeya wanasema kadi ya Faustin ilitumwa. Dereva anasema alikukabidhi mkononi. Hapa pana sahihi ya kupokea. Ni yako hii?"

Ambrosi alitazama. Ilikuwa yake, imenyooka, haikutetemeka popote. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwauliza wengine swali hilo, na leo limemgeukia. Akisema ndiyo, dirisha limekwenda, na jina lake pamoja nalo.

Kabla hajajibu, Faustin akainama, akalitazama daftari, akanyooka.

"Mkuu, hii si sahihi ya mzee. Nilikaa naye miaka miwili, naijua. Bahasha ilipokelewa na mtu mwingine, ikapotea. Niandike kadi nyingine hapa hapa, tumalize."

Alisema bila kumwangalia Ambrosi. Na Ambrosi akajua kwamba Faustin anajua. Mtu aliyefundishwa naye kunusa uongo kwenye wino alikuwa ameutambua, na sasa anausema mwingine ili amfunike.

Crispin akalifunga daftari, uso umemlainika, kwa maana alimpenda Ambrosi. "Haya basi. Ni bahasha tu imepotea."

Ilitakiwa Ambrosi anyamaze. Kunyamaza tu, na kazi yake ingekuwapo, na jina lake, na heshima ya barabara nzima. Lakini kila asubuhi dirisha lile angelifungua kwa hisani ya Faustin. Chuo kilikuwa cha Faustin, pikipiki ya Faustin, wali wa nyumbani kwake wa Faustin, na sasa hata uaminifu wake awe amepewa na Faustin. Wivu ndio uliomfungua kinywa.

Akavuta droo, akaondoa magazeti, akaiweka kadi mezani.

"Sahihi ni yangu. Kadi nilikuwa nayo tangu mwezi wa saba. Niliificha."

"Kwa nini, Ndugu Ambrosi?" Crispin aliuliza taratibu.

"Kijicho."

Crispin akanyoosha mkono kuomba ufunguo wa kizuizi. Gogo likainuliwa. Ng'ombe kumi na wawili wakapita, na Bujiku akawaswaga upesi kuelekea Kalenga, hakumshukuru mtu yeyote.

Nje, Faustin akamfuata Ambrosi hadi barabarani.

"Mzee, nilishakuokoa. Kulikuwa na haja gani ya kusema?"

"Kwa sababu uliyeniokoa ni wewe."

Faustin akabaki amesimama, mdomo wazi kidogo. Na Ambrosi, asiye tena na dirisha wala ufunguo, Mungu amsamehe, alifurahi kumwona vile.