Siku Thelathini

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu ya pili ya Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, Husna aliuweka mswada mezani kwa Mwalimu Sharifa, akabaki amesimama. Jua la Likombe lilikuwa likichoma bati, naye alikuwa amevaa sweta, vifungo vyote vimefungwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimemaliza kuusoma."

"Marahaba. Niambie ukweli."

Riwaya hiyo ya vijana ilimchukua Sharifa miaka miwili kuiandika. Shujaa wake, Telma, binti wa Kilambo, aliugua sonona: alilia dirishani, akazimia mvuani, akapona katika sura ya mwisho alipokumbatiwa na mama yake.

"Analia mno," alisema Husna. "Kama bomba lililopasuka."

Sharifa alicheka. "Haya, mgonjwa wako wewe angefanya nini?"

"Angefua sare. Angepata alama nzuri. Akiitwa chakula, angesema amefunga."

"Ramadhani imekwisha, mwanangu."

"Kuna sita za Mfunguo Mosi. Kuna Jumatatu na Alhamisi. Kuna kulipa. Nani atamkataza mtu ibada?"

Kalamu ya Sharifa, iliyokuwa ikinukuu pembeni mwa ukurasa, ilisita. Ramadhani ilipokwisha alimsimamisha Husna mbele ya darasa, akamsifu: siku thelathini, hakuacha hata moja. Wasichana walipiga makofi huku wakitazamana. Sharifa mwenyewe, tangu avunje ungo, hakuwahi kufikisha thelathini. Kila mwaka hedhi ilimkosesha funga siku tano au sita, akazilipa baadaye. Kila msichana darasani aliijua hesabu hiyo. Hakuna aliyeitamka, kwa kuwa haitamkwi.

"Leo umefunga?"

"Ndiyo. Nalipa."

"Unalipa siku zipi, Husna?"

Msichana aliinamisha macho. "Mwalimu, tulikuwa tunaongea habari za Telma."

"Mara ya mwisho kuingia mwezini ilikuwa lini?"

"Muda mrefu." Kisha, kwa sauti ndogo: "Usimwambie mama. Ananisifia kwa majirani."

Sharifa hakumkumbatia, hayo yalikuwa ya kitabuni. Alimpigia simu mama yake Husna aje zahanati, akamshika msichana mkono wakaondoka. Hadi kufika zahanati, Husna alipumzika mara mbili njiani.

Saa sita kasorobo mizani ilionyesha kilo thelathini na nne. Mama yake, Mwanahamisi, aliisoma, akainama akaisoma tena. Muuguzi aliweka kikombe cha uji mezani.

"Nimefunga," alisema Husna.

Mwanahamisi alikisogeza kikombe mbele yake.

"Mgonjwa hafungi, mwanangu."

Saa sita na dakika kumi Husna alikishika kikombe kwa mikono miwili. Saa sita na dakika ishirini na tano alikunywa funda moja.