Kreti ya Chini

Sabina alikuwa anamchuna sangara wa saba pale msimamizi Machibya alipopita katikati ya meza akipiga makofi.

"Visu chini! Semina! Vueni aproni, mgeni asije akatapika."

Wanawake wakatoka wakiburuza gambuti kuelekea bwalo la chakula. Bernadeta alibaki nyuma. Tangu juzi, Alhamisi, samaki wa kreti nzima walipokutwa wameoza mezani kwake, wenzake walimkwepa kama mwenye upele. Alikuwa na miaka tisa kiwandani, na saa nane mchana huu angekabidhiwa barua ya kufukuzwa.

"Dada Berna, njoo tukae," Sabina alinong'ona.

"Nikajifunze kufikiri siku ya kufukuzwa, mdogo wangu?" Lakini alikuja. Kulikuwa na soda.

Mwezeshaji alikuwa amekuja kwa ndege kutoka Dar. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, na kila alipoona tone la maji sakafuni aliruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Ukutani projekta ilionyesha: FIKRA TUNDUIZI NA ZA KIMKAKATI MAHALI PA KAZI. Chini yake, picha ya mwanamume mwenye tai ameshika kidevu.

"Mfanyakazi wa kisasa anauliza kwa nini! Semeni wote!"

"Kwa niniii!" wakaitikia, wanawake wenye wajukuu, kama chekechea.

"Kwa nini choo chetu hakina mlango?" Mhoja wa meza ya jirani akanung'unika. Jicho la Machibya likazima kicheko.

"Sasa nipeni tatizo moja la hapa kazini," mwezeshaji akasema. "Msiogope. Humu hakuna bosi."

Machibya, aliyekuwa humo humo, akatabasamu.

Sabina aliacha shule darasa la tano, na mbele za watu ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Akamtazama Bernadeta akiifuta chupa tupu ya soda kwa pindo la kanga, anaifuta tu. Akanyoosha mkono.

"Samaki hawaozei mezani," alisema kwa sauti ndogo. "Wanaozea chumba cha baridi. Kreti mpya zinapangwa juu ya za zamani, na sisi tunaletewa za juu. Za chini zinangoja mpaka siku gari la samaki lisipokuja. Kila kreti ina kadi ya siku iliyopakiwa mwaloni, samaki wanakoshushwa. Ile ya dada Berna iliandikwa Jumapili, ikafika mezani Alhamisi. Sasa yeye aliiozesha saa ngapi?"

Mwezeshaji akaruka kwa furaha.

"Mmeona? Hiyo ndiyo fikra tunduizi! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Machibya hakupiga. Alikuwa anaandika.

Saa nane Sabina akamsindikiza Bernadeta ofisini.

"Shikamoo, mzee. Si umesikia mwenyewe?"

"Marahaba. Nimesikia, na kuanzia Jumatatu za zamani zitatoka kwanza. Nimeshampigia meneja kumweleza mkakati wangu. Amenipongeza sana."

"Basi dada Berna arudi mezani."

"Barua imeshagongwa muhuri."

"Si uligongwa kabla hatujajua ukweli?"

"Sabina," Machibya akasema taratibu, "semina imeisha."

Bernadeta akapokea barua, na juu yake cheti cha kuhitimu semina. Vyote viwili vilikuwa na sahihi ya Machibya. Akavua gambuti, akaziegemeza ukutani kwa uangalifu, mtu aliyezoea kuheshimu vitu vya watu, akatoka kwa kandambili.

Sabina hakurudi mezani. Alikwenda chumba cha baridi, Mhoja akamfuata. Gari jipya lilikuwa limefika, na vijana walikuwa wanapanga kreti zake juu ya zile zile za zamani.

"Mhoja, nishikie upande wa pili."

Wakaivuta kreti ya chini kabisa. Kadi yake iliandikwa Jumatatu iliyopita. Wakaibeba kupitia uani hadi bwaloni, ambako Machibya na mgeni walikuwa wanapiga picha mbele ya sahani za wali na kuku, wakaitua juu ya kitambaa cheupe. Maji mekundu yakatiririka mpaka ukingoni mwa meza, yakadondokea kiatu cheupe.

"Wewe! Umepatwa na nini?" Machibya alifoka, kiganja puani.

Sabina akaielekeza kadi kwake.

"Hawa nao, mzee, ni wa meza ya nani?"