Sapatu za Jumba la Askofu

Roswitha Kümmel alipanda basi la kwaya asubuhi ile huku amemshika mumewe mkono. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kupaka rangi ya mdomo, mambo aliyokuwa ameyaacha zamani. Alitaka waonekane watu waliokuja kustarehe.

Mumewe, Ewald, alikuwa kinyozi mstaafu, mzee nadhifu, kola imepigwa pasi. Kijiji chao chote cha Frankonia, kusini mwa Ujerumani, kiliwahi kukalia kiti chake na kunyolewa. Ukimtazama tu, huoni kasoro. Kasoro ilikuwa ndani: kichwa chake kilikuwa kinamkimbia. Asubuhi anamjua mkewe, mchana anamwamkia kama mgeni, jioni anasimama jikoni kwake mwenyewe analia kwamba anataka arudishwe nyumbani.

Kwa kilio hicho cha jioni Roswitha alikuwa amejigundulia dawa mwenyewe, wala si daktari aliyempa. Anamkalisha kwenye kiti kidogo cha mlangoni, anamvua viatu, anamvalisha sapatu zake za sufu za kijivu za kuvalia ndani, anamwambia, "Viatu nje, sapatu miguuni, umefika." Basi! Kulia kumekwisha. Mwanamume wa kule tangu utotoni hakanyagi sebule yake na viatu vya barabarani, na miguu ya Ewald ilikuwa bado inakumbuka kile ambacho kichwa kimesahau. Akishavaa sapatu anajua yuko kwake, anaelekea kitini na kuulizia kahawa. Roswitha aliionea fahari dawa yake ile, maana ndiyo kitu pekee kilichokuwa bado kinamtii nyumbani mle.

Lakini mtoto wao wa pekee, Volkmar, alikuwa ameshachoka. Mara mbili baba yake ameokotwa barabara kuu akiwa na soksi tu.

"Mama, jitazame ulivyokonda," alimwambia. "Baba aende makao ya wazee. Nafasi nimeshapata, wanapokea kila Jumatatu."

"Nafasi yake iko hapa."

"Hapa utakufa wewe kabla yake!"

Walibishana mpaka sauti zikakauka. Mwishowe Volkmar akalegeza. Kwaya ya kijiji ilikuwa na safari yake ya siku moja, asubuhi mji wa kale wenye ukuta, mchana jumba la maaskofu. Baba akimaliza siku nzima kati ya watu bila balaa, habari ya makao italala mpaka Pasaka. Akishindwa, hakuna mjadala tena. Roswitha akakubali haraka, kisha akakosa usingizi wiki nzima.

Na jamani, nani alikuwa mwenyekiti wa kwaya? Edeltraud, mama mkwe wake Volkmar. Mwanamke mwenye moyo, siwezi kumsingizia, ila hana siri. Alichokiona Edeltraud saa sita, Volkmar anacho saa sita na nusu.

"Haya, Mama Volkmar, leo mmetoka mafichoni!" Edeltraud aliwapokea mlangoni mwa basi. "Mwaka juzi hamkuja, mwaka jana hamkuja. Nikasema labda umemfungia mzee kabatini."

"Huyu hafungiki," Roswitha akajichekesha.

Ewald akavua kofia. "Hamjambo! Na nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Ewald! Hujabadilika hata kidogo!"

Ndiyo ilikuwa salama yao hiyo. Maisha yake yote mzee yule alikuwa ameongea na vichwa vya watu huku mikasi inalia, na maneno ya kinyozi hayahitaji kumjua unayeongea naye. Na nyumbani hawajambo? Mvua hizi, eeh? Watoto wanakua, sivyo? Kila aliyeulizwa aliona ameulizwa yeye hasa. Basi zima liliamkiwa hivyo, wengine mara mbili, na hakuna aliyeshtuka. Roswitha akamkalisha dirishani na kufungua boksi la mikate, akamlisha kipande baada ya kipande ili mdomo uwe na kazi.

Mji wa kale ulikwenda vizuri kupita alivyothubutu kuomba. Walipita chini ya lango la mnara, wakapanda ngazi za mawe mpaka juu ya ukuta, wakatembea kwenye ujia wake wa mbao, mapaa mekundu chini yao. Roswitha alipenda ule ukuta. Njia ni moja, nyembamba, huku mawe, huku mbao, mtu hana pa kupotelea. Angeweza kumtembeza humo mpaka Pasaka yenyewe.

"Twende nyumbani," Ewald alimnong'oneza.

"Bado kidogo, mpenzi."

"Mama atatafuta."

"Nimemwambia tutachelewa." Mama yake alikuwa kaburini tangu Volkmar hajazaliwa. Nyuma yao Edeltraud alikuwa anahema kwenye ngazi, hakusikia neno.

Chakula cha mchana walikula uani kwa mwenye hoteli mmoja, soseji na kabichi chachu, kisha keki ya plamu. Ewald alimwambia mhudumu kwamba nywele zake zinahitaji kupunguzwa masikioni, na ilikuwa kweli, meza nzima ikaangua kicheko. Edeltraud akainama kwa Roswitha, krimu imemkaa mdomoni.

"Nikwambie kitu? Volkmar anatia chumvi. Mzee wako mzima kabisa! Leo nikirudi nitampasha yule kijana."

Roswitha, kwa furaha, akajifanya anatafuta leso kwenye mkoba. Miezi mingapi hajasikia mtu akisema hivyo? Aliagiza kipande cha pili cha keki, yeye asiyekula vitamu, akakimaliza chote.

Jumba la maaskofu liko juu kidogo ya mji, limepakwa manjano, na malaika wa plasta wanene wamejaa juu ya madirisha. Mtembezaji wageni wa pale, kijana aliyefunga tai, aliwakusanya ukumbini.

"Wapendwa, sakafu ya vyumba vya juu ni ya mbao za rangi rangi, ya tangu enzi za maaskofu wenyewe. Kwa hiyo kila mtu, tafadhali, achukue jozi hapa. Mnavaa juu ya viatu vyenu na kuteleza polepole."

Akasogeza kasha kubwa kwa mguu. Lilikuwa limejaa sapatu za sufu za kijivu.

Roswitha alizitazama. Lo! Tangu shule alikuwa akijua kwamba katika majumba kama yale wageni huvalishwa sapatu. Alikuwa amewaza ngazi, amewaza vyoo, amewaza mvua na keki na kupotea, na hilo halikumjia hata mara moja.

"Kijana wangu," alimwendea mtembezaji, sauti chini, "mume wangu miguu inamsumbua. Aingie bila hizo."

"Haiwezekani, mama. Asiyevaa hapandi."

"Basi sisi tutabaki bustanini."

"Mbaki bustanini mfanye nini?" Edeltraud huyo, ameshafika. "Kiingilio kwaya imeshalipa! Wewe umechoka, kakae kwenye benchi. Mzee nitamshika mkono mimi."

"Hapana, Edeltraud, ngoja, nisikilize..."

Wakageuka wote wawili. Ewald alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, anafungua kamba za viatu. Wenzake walitumbukiza sapatu juu ya viatu wakichekana miguu ilivyokuwa mikubwa. Yeye alivua viatu kabisa, akavipanga ukutani kisigino kwa kisigino, akavaa sapatu, akashusha pumzi ndefu. Uso wake wote ulilegea. Roswitha aliujua uso ule, na kila jioni alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili yake. Akaviokota viatu vya mumewe, akavibana kwapani, akamfuata ngazini. Angefanya nini kingine?

Chumba cha kwanza alimshika mkono. Cha pili alimshika kwa nguvu. Cha tatu kilikuwa chumba cha mapokezi cha askofu, kuta za dhahabu na vioo mpaka darini, na katikati, nyuma ya kamba nene nyekundu, kiti cha mahameli chenye miguu ya simba. Kiti kimewekwa pembeni ya dirisha, kama kile cha nyumbani. Ewald akajinasua mkono bila fujo, akainyanyua kamba, akapita chini yake na kuketi.

King'ora kikalia.

Mwanzoni watu walicheka. Kinyozi na mizaha yake! Mtu akapiga makofi. Ewald akanyoosha miguu, akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka kazini, "Rosi, kahawa vipi leo?"

"Ewald, inuka," Roswitha alisema upande huu wa kamba. "Inuka, mpenzi, twende."

"Na hawa wote? Waambie duka limefungwa. Waje kesho."

Kicheko kikapungua, kikabaki cha mtu mmoja nyuma, naye akanyamaza. Mlinzi akaingia mbio, mtu mnene, funguo zinagongana kiunoni. "Bwana! Hairuhusiwi kukaa hapo! Ondoka mara moja!"

"Wewe ni nani? Nani amekupa funguo za nyumba yangu?"

"Nyumba yako?"

"Yangu! Rosi, huyu mtu ameingiaje?" Sauti ilianza kumtetemeka. Aliwatazama wana kwaya mmoja mmoja, watu aliowanyoa tangu ubatizo, na hakumjua hata mmoja. Mlinzi alimshika bega na kurudia, kwa sauti ya kumwambia kiziwi, "Hai-ruhusi-wi! Hapa hapakaliwi!" Ewald akang'ang'ania mikono ya kiti na kuanza kulia, kilio kilekile cha jikoni, ila safari hii mbele ya kijiji.

"Muache!" Roswitha alipiga kelele. "Muache, unamtisha!"

Alipita chini ya kamba naye, king'ora kikalia upya. Alijaribu kila alichokijua. Alimpapasa mkono, akamwita kwa jina la utani, akamwambia basi linangoja, akamwambia Volkmar anakuja. Kwa nini aondoke? Ameshavua viatu, ameshafika. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo kila jioni, na amefundishika vizuri.

Ilibaki njia moja, na haikuwa na staha. Akapiga magoti kwenye sakafu ile ya maaskofu, mbele ya vioo vyote vile, akamvua sapatu, akamvisha kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akafunga kamba. Kilio kikakatika. Ewald aliitazama miguu yake.

"Tunatoka?"

"Tunatoka."

"Tunaenda wapi?"

"Nyumbani, mpenzi."

"Si niko nyumbani, Rosi?"

Roswitha akamshika mkono, naye akainuka mara moja, mtiifu, maana mwenye viatu huwa anakwenda. Utiifu ule ukamtisha Roswitha. Kumbe ndivyo itakavyokuwa rahisi siku watakapomchukua. Watamvisha viatu tu.

Kwenye ngazi Edeltraud alimkamata kiwiko, macho yake mekundu. "Mama Volkmar, kwa nini hukuniambia? Mimi si mtu baki."

"Usimwambie Volkmar. Nakusihi."

"Nitanyamaza mimi. Basi zima je?"

Na kweli, basi zima. Kwa kawaida kwaya huimba njia nzima ya kurudi. Siku ile hakuna aliyeanzisha wimbo, wote wakatazama mashamba ya mizabibu nje. Watu waliwapa keki iliyobaki, na Roswitha akaipokea, na wema wao ukamuuma kuliko kama wangemcheka. Ewald peke yake alikuwa mchangamfu. "Na nyumbani hawajambo?" alimuuliza jirani yake. Jirani akamkatia kipande cha keki.

Volkmar alikuwa akingoja kituoni, ameegemea gari lake. Ameshaambiwa au amesoma kwenye nyuso, sijui. Alimshika baba yake mkono wa pili, wakatembea watatu mpaka nyumbani.

Mlangoni Roswitha alikisogeza kile kiti kidogo. Akatoa sapatu za kijivu, akaziweka chini.

"Haya, mpenzi. Viatu nje, sapatu miguuni, umefika."

Ewald hakuketi. Alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akachungulia sebuleni: kochi, saa ya ukutani, picha ya arusi, kiti chake cha dirishani. Alitazama kwa adabu, bila kuvuka kizingiti.

"Pazuri hapa," alisema.

"Ni kwako, baba," Volkmar akamwambia. "Ingia ukae."

"Hapana, kijana wangu, asante. Hairuhusiwi kukaa. Yule bwana amekataza." Akamgeukia mkewe, mpole kabisa, kama anavyoulizwa mtu wa mapokezi. "Samahani, mama. Basi linaondoka lini?"

Roswitha alimtazama mwanawe, amwombe, amkataze, hata hakujua. Volkmar alikuwa ameuelekeza uso ukutani, mabega yanatikisika. Akajibu bila kugeuka.

"Jumatatu, baba."

"Jumatatu. Vizuri," Ewald akasema, akavaa kofia yake na kusimama palepale kungoja.

Roswitha hakubisha. Aliziokota sapatu, akazikung'uta vumbi lisilokuwepo, akazirudisha pembeni ya mlango. Kisha akaenda jikoni kuinjika maji ya kahawa, kwa kuwa hakujua afanye nini.