Hadi Bushi Zipoe

"Kwangu imeingia!"

Alisimama kidirishani na treya mkononi iliyojaa bushi, vile vipete vya chuma vyenye tundu katikati, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. "Dada, naapa, pini imeingia yenyewe. Wala sikuisukuma."

"Kwangu imekataa, kaka. Ingia ujionee."

Ndivyo alivyoingia kwenye chumba changu cha ukaguzi kwa mara ya kwanza. Huyo alikuwa fundi mkerezaji, na kiwanda kizima kilimwita Pole, kwa sababu kila kitu alikipa pole, hata mashine yake ilipokwama. Mimi nilikuwa na jina langu, ila hapakuwa na aliyelihitaji. Chumba changu kilikuwa cha baridi, mlango umefungwa kutwa, na vyuma vilinijia kupitia kidirisha kile. Jioni nilirudi nyumbani kwa redio. Shangazi alipopiga simu aliuliza, "Hata paka huna, mwanangu?" Nikacheka, nikakata simu, nikalia.

Kwa kila tundu nilikuwa na pini mbili za chuma za kupimia upana wake, na mafundi walikuwa na zao kama hizo. Tuliziita Ndiyo na Hapana. Ndiyo lazima iteremke kwa uzito wake, bila kulazimishwa. Hapana, nene kuliko mwenzake kwa kiasi ambacho jicho halikioni, lazima ikatae. Niliiweka Ndiyo kwenye bushi yake ya juu. Ikasimama pale pale mdomoni, haitaki.

Pole alivuta kiti kilichokuwa pembeni, akaketi. "Msimamizi kasema mzigo wangu ukirudishwa tena ananitoa kwenye mashine. Dada, nikitolewa pale mimi si mtu. Sijui kazi nyingine."

Nikachukua bushi ya chini kabisa kwenye treya. Ilikuwa bado na joto. Nikaijaribu na Ndiyo. Ikazama mara moja.

Jamani! Alikuwa akipima vyuma vikiwa vya moto, vimetanuka na tundu limepanuka. Vikifika kwangu vinapoa, tundu linabana. Sote wawili tulikuwa tunasema kweli. Angalau ndivyo nilivyodhani, na njia ya kuhakikisha ilikuwa moja tu: kuisubiri ile ya chini ipoe, kisha tuipime tena.

Basi tukasubiri. Akanisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akimwita kutoka jikoni kwa kugonga sufuria, na jinsi alivyoitikia hadi sufuria za jirani. Nikacheka hadi machozi. Nikamwambia habari ya paka. Hakucheka, aliniuliza, "Na wewe unamtaka?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikatazama ile bushi na kujikuta naomba niwe nimekosea, maana nikiwa sahihi, huyu hatakuwa tena na sababu ya kuketi hapa.

Nikaijaribu tena. Ndiyo ikakataa.

"Ziache zipoe huko huko kwako kwanza, ndipo upime," nilimwambia. "Hutarudishiwa tena."

"Pole kwa usumbufu, dada," alisema, akaondoka na treya yake.

Hakurudishiwa kweli. Treya zilikuja zimepoa, Ndiyo inazama, Hapana inakataa, safi kabisa. "Salama?" "Salama." Mkono unaingia kidirishani, mkono unatoka. Kile kiti alichokalia sikukirudisha pembeni. Nilikuwa nakizunguka nikipita, na mara nyingi kilinigonga goti, nikakitukana kama mtu.

Leo nimestaafu, redio ndiyo ile ile, na bado nikimimina chai huiangalia ikipoa bila kuinywa. Huwa naikumbuka treya moja.

Ililetwa mchana. Niligusa bushi ya juu nikaurudisha mkono mbio. Ya moto! Yeye, ambaye tangu siku ile hakukosea hata moja. Nikainua macho. Pole alikuwa kidirishani, anatazama viatu vyake.

"Hizi ndizo za mwisho," alisema. "Wananihamishia kiwanda kipya. Wanasema mzigo wangu haurudi, nikawafundishe wenzangu. Naondoka kesho."

"Na mbona hukuzipoza?"

"Pole, dada."

Nikamfungulia mlango. Kiti kilikuwa pale pale. Tukaketi, treya katikati yetu, tukingoja zipoe. Baada ya muda akaigusa moja, nami nikaigusa. Zilikuwa zimepoa. Hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua pini.