Mstari Kwenye Ukucha

Nilimpeleka mtoto kwa ajili ya kichwa, na yule bwana akashika mkono.

Nilikuwa nimemfungua Honorata kitambaa mwenyewe, ili mganga wa zahanati aone bila kuuliza. Kichwa cha mtoto wa miaka saba kilikuwa kama shamba la mtama baada ya nzige kupita: mashina machache hapa, machache pale, na katikati ngozi tupu. Mganga, jina lake Gervasi, alikitupia jicho mara moja tu. Kisha akauchukua mkono wa mtoto, akausogeza dirishani ulikoingia mwanga wa ziwa, akainamia kidole gumba.

"Aliugua nini kabla ya mvua?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri kutoka kijiji chetu kipya, juu ya Mwandiga, mpaka Kasingirima, nusu ya njia mtoto yuko mgongoni. Nilitaka dawa. Kesho yake kulikuwa na mkutano kijijini, na katika mkutano huo mwanamke mmoja angefukuzwa kwa sababu ya kichwa kile.

Mwanamke huyo aliitwa Mapendo. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, yeye akaolewa upande huu, akafiwa na mume. Mwaka wa sabini na nne, kila mtu alipoambiwa avunje nyumba yake akajenge kwenye mistari ya kijiji cha ujamaa, alihamishwa pamoja na sisi. Hakuwa na ndugu. Alikuwa na mkeka, kitana cha mti na vidole vyepesi. Wanawake walikaa chini kati ya magoti yake, akawasuka, wakamlipa mihogo, dagaa, au kibuyu cha mawese. Kilichomwingia tumboni kilitoka kwenye vichwa vyetu.

Kwa desturi, msusi hakai na nywele za mtu. Zinazobaki kwenye kitana huziviringa akamkabidhi mwenyewe, akazifukie anapojua, ndege wasije wakazijengea kiota, au mwenye nia mbaya akazifanyia lake. Hakuna aliyeinuka kwenye mkeka wa Mapendo bila kifundo chake cha nywele kiganjani.

Siku ya Honorata, Mapendo alivunja desturi. Alipochana mara ya kwanza, nywele zilifuata kitana kama majani yasiyo na mizizi. Alizificha kwenye pindo la kanga, akamsuka mtoto twende kilioni, ile mistari mipana ya haraka, akamrudisha kwangu bila kifundo na bila neno. Jirani akamwona akizunguka nyuma ya nyumba na kitu mkononi. Wiki iliyofuata mto wa mtoto ulikuwa mweusi kwa nywele.

Mama mkwe wangu, Marsiana, hakuhitaji zaidi.

"Nywele zimechukuliwa," alisema. "Hazirudi mpaka aliyezichukua aondoke."

Mimi nilikuwa Bibi Maendeleo, mwenye stashahada yangu, nikifundisha wenzangu kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Mambo ya kuchukuliwa nywele sikuyataka. Lakini nilikuwa pia mama mwenye mtoto mwenye kipara, kwa hiyo nilikwenda kwa Mapendo nikamuuliza usoni.

"Umezipeleka wapi nywele za mwanangu?"

"Nilizifukia, dada. Zilikuwa nyingi. Nikasema, mutoto ndiyo kwanza ametoka kwenye ugonjwa, mama yake akiziona hizi atalia tena."

"Mimi silii."

"Ulilia, dada. Tulikusikia kijiji kizima."

Nilirudi nyumbani.

Tulipaka mise, mafuta ya kokwa za mchikichi. Tulipaka majivu ya majani ambayo hata jina lake sikuambiwa. Siku moja nilirudi kutoka mtoni nikakuta Marsiana amempaka mtoto mafuta ya taa, ngozi imebabuka, mtoto analia bila sauti. Nilimwambia mbele ya wageni kwamba mafuta ya taa ni ya taa. Alikaza kilemba chake, ambacho siku hizo alikuwa akilala nacho, akaninunia. Honorata hakumbuki mengine yote. Harufu ile tu anaikumbuka. Leo ni mama wa watoto wanne, na jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, haliingii nyumbani kwake.

"Homa ya matumbo," nilimjibu Gervasi pale dirishani.

Viwanja vyetu vilikuwa vimepimwa kabla ya maji. Tulifika kijijini vyoo havijachimbwa, tukanywa mto uleule tulimooga, na kabla ya mvua ya kwanza homa ikaingia. Tulizika watu. Honorata alibaki mifupa na macho, na Marsiana, bibi yake aliyekuwa akimuuguza, naye akalala akaugua.

Gervasi alinionyesha ukucha wa mwanangu. Katikati yake mfereji mwembamba ulikuwa umepita kutoka upande hadi upande. Akanionyesha gumba la pili. Palepale.

"Mwili ukipigana na homa kubwa huacha kazi ndogo," alisema. "Ukucha husimama. Homa ikiisha unaendelea kukua, na pale uliposimama panabaki alama. Nywele nazo husimama. Ila zenyewe hazianguki siku hiyo. Hukaa kichwani miezi miwili, mitatu, zinadondoka wakati homa mmeshaisahau. Hapo ndipo mnapotafuta mchawi."

"Siyo mapunye?"

"Mapunye yana magamba, yanakaa duara duara, na wenzake wangeambukizwa. Hayo ningekupa dawa. Wala siyo kusukwa kwa kukazwa. Huko kunakula pembezoni, kwenye paji la uso. Hizi zimetoka kichwa kizima."

"Sasa dawa ya hizi?"

"Dagaa, maharage, mayai ukipata. Msimkaze nywele. Msimpake kitu. Subirini."

"Nimetembea kote huku kuja kuambiwa nisubiri?"

"Wenzako hutembea kote huku wakaambiwa makubwa zaidi, mama."

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la kijiji. Mapendo aliketi peke yake, mkeka umekunjwa mapajani, kitana kimechomekwa ndani. Alikuwa ameshafunga mizigo. Marsiana alisema yake, kwa kifupi na kwa heshima, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Dismasi, mwenyekiti wetu, akauliza kama kuna mwingine.

Nikasimama. "Mliougua homa ya mto, nyosheni mikono. Siyo juu, mbele. Tazameni vidole gumba."

Wakanitazama mimi kwanza. Kisha Rozalia, aliyekuwa ananyonyesha, akainua gumba lake karibu na macho. "Mstari upo," alisema. Mwingine naye akasema upo. Wakaanza kushikana mikono, kugeuza vidole juani, kulinganisha. Nikawaeleza nilivyoelezwa. Nikawauliza nani kati yao nywele zimempungua tangu mvua zianze. Mikono kadhaa iligusa vitambaa.

"Mimi sina mstari na upara ninao," Feliksi alipaza sauti kutoka nyuma. "Nilisukwa na nani?"

"Huo umesukwa na baba yako!" mtu akamjibu, na watu wakacheka. Walikuwa na hamu ya kucheka.

Nikangoja watulie. "Haya, niambieni. Mapendo huyu alizisuka na kucha zenu?"

Hapo ndipo nilipomwona Marsiana. Gumba lake alikuwa amelikunja ndani ya ngumi, ngumi ameiingiza ndani ya kanga. Mkono mwingine ulipanda kwenye kilemba, ukashuka tena. Neno la kumuumbua nilikuwa nalo mdomoni, na walionijua walikuwa wanalingoja. Nikaketi.

Dismasi akafunga mkutano. Mapendo hakufukuzwa.

Ila kuachwa ukae ni jambo moja, na mtu kukupa kichwa chake ukishike ni jingine. Wanawake walimsalimu Mapendo, waliomba moto kwake, kisha wakaenda kusukana wenyewe, mistari imepinda kama njia za mbuzi. Mkeka wake ulibaki umekunjwa ukutani. Alianza kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, akapungua mpaka kanga ikamzunguka mara mbili. Mimi sikuwa na kichwa cha kumpelekea. Cha Honorata kilikatazwa, na mimi nilinyoa siku zote.

Masika yakaja. Asubuhi moja nikiwa namwogesha mtoto, kiganja changu kiligusa kitu laini, kama manyoya ya kifaranga. Nikamwita bibi yake. Marsiana alipitisha mkono juu ya kichwa kile taratibu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Akatoka nje.

Nilimfuata kwa macho. Alipita nyumba ya Rozalia, akapita ghala, wanawake waliokuwa wanatwanga wakaacha michi juu. Alifika uani kwa Mapendo, akauchukua mkeka ukutani kwa mkono wake mwenyewe, akautandika upande unaoonekana njiani. Akaketi. Akafungua kilemba.

Nilikuwa nimefika uani, na wale watwangaji nyuma yangu. Kichwa cha mama mkwe wangu kilikuwa na nywele chache nyeupe, fupi, zinazoota upya pamoja na za mjukuu wake.

Mapendo alitoka ndani na kitana. Kisha akakaa nyuma yake.

"Nikaze, mama?"

"Usikaze."

Alizichana taratibu, zilizokuwepo. Hakukuwa na cha kusuka cha maana, lakini alisuka. Mkono wa Marsiana ulilala gotini ukiwa wazi, na kwenye gumba mstari ulikuwa umesogea hadi ncha ya ukucha, tayari kwa kukatwa.

Alipomaliza, Mapendo alikusanya nywele kutoka kwenye kitana, moja moja, akaziviringa kifundo kidogo kama punje ya mtama, akakinyoosha mbele ili kila mtu akione.

Marsiana alikipokea. Akakitazama. Akakirudisha kwenye kiganja cha Mapendo, akakifunga kiganja kile kwa vidole vyake.

"Kazifukie wewe," alisema.