Siku Isiyo na Foleni

Ukitaka kwenda Mawingu, kamuulize kwanza Azan wa duka la viungo Kinondoni. Ndivyo watu walivyokuwa wakiambiana, na hawakukosea. Mawingu ni ile bustani ya michezo iliyofunguliwa njia ya Madale, yenye treni ya watoto, magari ya kugongana, bwawa, na lile gurudumu kubwa linalowapandisha watu juu na kuwashusha. Azan alifuatilia kila habari yake kwenye simu. Likiletwa dude jipya la kupanda, yeye wa kwanza kujua. Kiingilio kikipanda wikiendi, keshatangaza kwenye kundi la familia. Akishakupimia bizari yako anakufungia na mipango juu yake: usiende mwisho wa mwezi, watu wametoka kulipwa. Fika geti linapofunguliwa, na ukiingia usigande kwenye treni kama wenzio, nyoosha mpaka mwisho kabisa halafu urudi taratibu, foleni zote zitakuwa zimekupa mgongo. Watoto wasile kwanza, watakutapikia. Beba kanga ya kukalia. Na Idi mosi, jamani, Idi mosi kaeni nyumbani kwenu mle pilau.

Watu walimsikiliza wakafaidi, wakamrudia na picha na shukrani. Wakambandika jina la Waziri wa Mawingu. Alijifanya kukasirika, meno yote nje.

Sasa huyo Waziri, lile gurudumu alikuwa hajalipanda hata siku moja, wala hakuwa na nia. Azan alikuwa anaogopa juu. Mwanaume mzima na ndevu zake, dukani kwake makopo ya shelfu ya juu alikuwa akishusha mkewe, Manal. Kazi ya mwenye duka ilikuwa kushika ngazi chini na kusema "taratibu, taratibu," jasho linamtoka kana kwamba aliyepanda ni yeye. Manal alijua na alinyamaza. Wengine hawakuambiwa.

Ingebaki hivyo, aibu ndogo ya mtu na mkewe, kama si mama yake.

Bi Bahiya alizaliwa Kinondoni, akaolewa Kinondoni, akafiwa na mume Kinondoni. Uzeeni mwanawe akamhamishia Madale, kwenye nyumba mpya juu ya kilima. Jioni akikaa barazani alikuwa akiliona gurudumu kule chini likizunguka na taa zake. Na ni barazani hapo alipotoa ombi lake, siku waliyotoka kliniki ya macho. Daktari alikuwa amewaambia ni presha ya macho. Ilikuwa imeshakula pembeni, inakwenda katikati. Matone yatachelewesha tu, na kinachopotea hakirudi.

"Azan," akasema, "mie mji huu nimeuishi umri wangu wote na sijauona. Nimeona uchochoro, nimeona ukuta wa jirani, nimeona migongo ya watu. Nipeleke nikapande lile dude, niuone wote mara moja, na Kinondoni yangu, kabla giza halijanikuta."

"Inshallah, mama. Hilo dogo."

"Na nipande na wewe. Sitaki kupandishwa na watu nisiowajua."

Manal akadakia, "Mie nitampandisha mama, hata kesho." Azan akamkata jicho. Mtoto wa kiume wa pekee, Waziri mzima, mama yake apelekwe na mkazamwana? Watu wangesema nini?

"Nitampeleka mwenyewe," akasema. "Niachieni nitafute siku nzuri."

Ehee, siku nzuri! Hapo ndipo ule ujuzi wake wote ulipopata kazi mbaya. Jumamosi kuna watu. Likizo ya shule, usiseme. Masika yakaingia, na gurudumu haliwashwi kwenye radi, hiyo ni kweli. Mvua zikakatika, jua likawa kali, mama ataumwa kichwa. Ukaja mwezi wa ofa, na ofa zinaleta watu. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na huo ndio ubaya wake. Ungemsikiliza ungesema huyu ndiye mtoto anayempenda mama kuliko watoto wote wa mjini. Mwenyewe alijisikiliza, akajiamini.

Bi Bahiya akatia matone yake, akangoja. Mara kwa mara alifumba jicho moja na kulitazama gurudumu kwa lile jingine, kisha akabadilisha. Alikuwa anajipima.

Mwisho Manal akachoka. "Azan, mwogope Mungu. Jana mama kanigonga na sinia pale mlangoni, hajaniona kabisa. Unangoja nini?"

Aibu ikamshika. Akachagua siku ambayo hata mkosoaji asingepata la kusema: Jumanne, katikati ya mwezi, shule zimefunguliwa, asubuhi. Bi Bahiya akavaa buibui lake jipya, akajifukiza udi kama anakwenda harusini.

Mawingu palikuwa patupu. Magari ya kugongana yalikuwa yamefunikwa turubai. Wakanyoosha mpaka mwisho kama Azan anavyowafundisha watu, mama kamshika mwanawe mkono, anauliza hiki na kile. Chini ya gurudumu alikaa mwendeshaji wake, kijana mmoja wa Masasi aitwaye Ansbert, kainamia simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kupanda."

Ansbert akamvuta Azan pembeni. "Braza, kwa watu wawili siwezi kuwasha. Jenereta linakunywa mafuta, bosi ataniua. Mpaka watimie kama kumi hivi. Ila kuna basi la shule linakuja, wameshapiga simu. Kaeni pale kivulini, soda hamtaimaliza watakuwa wamefika."

Loo, Waziri! Mipango yote ile, na hili hakulijua, kwamba dude lenyewe linataka watu. Siku isiyo na foleni ndiyo siku ambayo halizunguki. Lakini usidhani alisikitika. Aliinua macho, akaviona vile vibanda vya kukalia vinaning'inia kule juu, vinayumba kwa upepo. Moyoni akasema alhamdulillahi. Akamrudia mama yake.

"Limeharibika, mama. Leo halizunguki."

Lilimtoka jepesi, kama anavyomwambia mteja kwamba iliki imekwisha.

Bi Bahiya akainua uso. Akazungusha kichwa kidogo kidogo, kipande kwa kipande, mpaka akaliona lote kwa kile kitundu cha macho alichobakiwa nacho. "Masikini," akasema. "Na lilivyo zuri."

Walipotoka getini basi la shule lilikuwa linaingia, watoto wanaimba. Azan akawasha gari na redio kwa pamoja.

Jioni mama alimwita barazani. Hakumgeukia, alikuwa ameelekeza uso wake kule bondeni.

"Azan, limepona."

Azan akatazama. Gurudumu lilikuwa linazunguka polepole, raha mustarehe.

"Watakuwa wamelitengeneza," akasema. "Wiki ijayo inshallah, mama. Wiki ijayo sina shughuli."

"Limepona haraka," alisema Bi Bahiya. Akachukua chupa yake ya matone.

Hakuliulizia tena, si wiki iliyofuata wala baadaye. Afadhali angegomba! Angegomba, Azan angepata cha kujitetea, wangenuniana siku mbili na pengine kweli ingetoka. Kwa kuwa hakuulizwa, alijiona hadaiwi. Wiki ikazaa wiki. Dukani akaendelea kuwapangia watu safari zao, na kila aliyerudi na picha ya huko juu alimwambia Azan hongera, umetupatia siku nzuri sana.

Kisha Ramadhani ikaandama. Siku moja wamekaa kufuturu, Bi Bahiya akauliza mbona hamjawasha taa leo, umeme umekatika? Manal akaacha kumimina uji. Taa zote zilikuwa zinawaka.

Wakampeleka hospitali usiku uleule, na nyingine tena kesho yake. Azan aliuliza kama kuna upasuaji, kama kuna dawa hata iwe India. Daktari alimjibu kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kufokewa.

Idi pili, baada ya chakula cha mchana, Bi Bahiya alitoka chumbani kavaa lile buibui, akipapasa ukuta.

"Nipeleke Mawingu."

"Mama, leo? Idi hii, pamefurika watu..."

"Foleni mie siioni," akasema Bi Bahiya. "Twende."

Palikuwa pamefurika kweli. Palikuwa na kila ubaya Azan aliowahi kuwaonya watu: vumbi, mabaluni, singeli kutoka kila spika, watoto wenye nguo mpya zilizokwisha mwagikiwa na juisi. Foleni ya gurudumu ilikuwa imezunguka kibanda cha tiketi. Bi Bahiya alisimama katikati yake, kainua uso, anageukia kila sauti. Akamsikia mtoto anacheka, naye akacheka. "Watu wote hawa," akasema, "ndio ulikuwa unanificha?"

Azan akamsogeza mbele kwenye foleni.

Zamu yao ilipofika Ansbert aliwakumbuka. "Bibi, shikamoo! Siku ile niliwapungia mikono mpaka nikachoka. Basi linaingia, nyie ndio mnatoka!"

Azan alitamani ardhi ipasuke aingie.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Bahiya. "Siku ile tulikuwa na haraka."

Wakaingizwa kwenye kibanda, kamlango ka chuma kakafungwa. Kibanda kikatikisika, ardhi ikawaachia, na Azan akafumba macho. Alishika chuma kwa mkono mmoja na mkono wa mama kwa mwingine, akaanza kusoma kila aya aliyoijua. Walipanda, wakasimama, wakapanda tena, kadiri watu walivyokuwa wakijazwa chini. Kelele zikabaki mbali. Upepo ukawa mwingine.

"Tumefika juu?" mama akauliza.

"Tumefika."

"Haya. Nitazamie."

"Naona nyumba, mama. Nyumba nyingi sana. Na miti."

"Bahari je?"

"Na bahari ile pale."

"Na Kinondoni?"

"Ile kule."

"Azan," akasema Bi Bahiya, "umefumba macho."

Azan akazidi kukishika kile chuma.

"Ulikuwa hivyohivyo kwenye sindano. Unasema haiumi, huku umefumba. Unadhani ile ngazi ya dukani mie siijui? Nimekuzaa."

"Ulijua, mama? Toka siku ile?"

"Toka siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukusema? Manal angekupandisha!"

"Nilitaka useme wewe. Nikawaza atasema leo, atasema kesho. Ungesema tu, 'Mama, naogopa.' Ningekushika mkono kama hivi." Akaubana mkono wa mwanawe. "Nami nikachelewa."

Azan akafumbua macho.

Chini yake palikuwa na mabati, mekundu na ya bluu na yaliyoota kutu, yameshonana mpaka macho yalipochoka. Barabara ya lami ilipita katikati, na magari juu yake madogo kama punje za pilipili manga. Kule mwisho, upande wa Tegeta, bahari ilikuwa mstari mmoja wa fedha. Na kusini, mbali, ndani ya ukungu wa joto, maghorofa, na mbele ya maghorofa hayo ndipo Kinondoni ilipo, pale pale. Alingoja tumbo limpande, alingoja kizunguzungu. Havikuja. Kibanda kilibembea kidogo tu, kwa upole, kama kitanda cha mtoto.

Gurudumu likaguna, likaanza kuwashusha.

"Umefumbua?"

"Nimefumbua."

"Inatisha?"

Azan alitaka kusema uongo. Wallahi, mara hii tu alitaka kusema ndiyo, inatisha mno, mama, mtu yeyote angeogopa. Ungekuwa uongo wa huruma, na angekuwa na kitu cha kushikilia maisha yake yote. Alimtazama mama yake. Bi Bahiya alikuwa amekaa wima, macho wazi, ameyaelekeza pembeni kidogo ya bahari.

"Hapana, mama," akasema. "Haitishi."

"Kumbe haitishi," akasema Bi Bahiya taratibu, wala hakuwa anamsuta. Mkono wake haukuuachia wa mwanawe, na wakashuka hivyo mpaka chini, kwenye kelele na vumbi, ambako Ansbert alikwishashika kamlango na watu waliofuata walikuwa wanaomba wapishwe.